Sukari ya Papa Stanislas na Chupa Moja

Pale kona ya Kamalondo, mbele ya cherehani ya Ruben, kuna benchi ambalo halijawahi kukosa daktari. Ruben mwenyewe anashona na kusoma WhatsApp kwa zamu, ndiyo maana wanamwita Docteur. Jirani yake Ntumba anauza unité, yaani vocha za simu, na hajawahi kukubali neno la mtu. Huyo wanamwita Avocat, wakili. Mama Constance anawauzia kahawa na kuwavumilia. Jumamosi ile asubuhi Papa Stanislas alifika na karatasi mkononi, uso umechangamka. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mchukua sampuli za mawe mgodini kule Kambove, na mpaka leo jina lake la benchi ni Échantillon, yaani Sampuli. Jambo moja hawakulijua, wala mkewe Martine hakulijua: mzee alikuwa na siku kumi na mbili hajagusa dawa zake za sukari. Alikuja benchi limwambie kwamba amefanya vizuri.

— Muangalie, alisema akikunjua karatasi. Mangaribi nilipima damu, 190. Nikakunywa chupa moja tu ya bière, nikalala. Asubui, 112. Nimefanya mara tano, yote inashuka.

— Njo vile, alisema Docteur, mguu ungali kwenye cherehani. Insuline iko fungulo. Mulango ya mwili ikishika kutu, sukari inabakia inje, mu damu. Bière kidogo inapakala mafuta ku mulango. Nilisoma.

— Ile neno kidogo ulisoma nayo, ama uliruka? aliuliza Mama Constance.

— Mulango gani, alidakia Avocat. Ni ini. Ini njo depot, stoo ya sukari, usiku inatoaka pole pole. Bière ikiingia, ini inaacha kazi yote inahangaika nayo. Depot inafungwa, namba inashuka.

Papa Stanislas alilipenda hilo la depot. Aliomba kikombe cha maji, cha tatu tangu aketi, akakimaliza kwa mkupuo mmoja.

— Basi chupa mbili zinafunga depot mara mbili, alisema Docteur.

— Na lutuku? Mzee aliuliza taratibu juu ya gongo hiyo, kama mtu asiyehitaji jibu.

— Lutuku ni sindano, Papa, alijibu Docteur. Bière ni kidonge, lutuku ni sindano. Ona bale bachimbaji ba Kambove. Ulishaona mumoja iko na sukari?

— Nani aliwapima? aliuliza Mama Constance. Bwana yangu, Mungu amulaze, alikunywaka kila siku. Mbona sukari ilimukamata?

Avocat akajikuna kidevu.

— Alikunywaka namna gani? Wima, ama kwa kukaa?

— Kwa kukaa.

— Voilà. Njo kosa. Muntu akikaa, bière inabakia mu tumbo. Akisimama inashuka ku miguu, fasi sukari inajifichaka.

Mama Constance alicheka mpaka akaweka birika chini. Papa Stanislas naye alicheka, na moyo ukamtulia. Watu wawili wasiopatana hata kuhusu mvua walikuwa upande wake.

Hapo akafika Mapalo, mpangaji mpya aliyetoka Mitwaba wiki hiyo, kuchukua suruali yake. Alisalimia kwa heshima, akangoja Docteur akate uzi. Akaiinamia ile karatasi pale benchini.

— Papa, musamaha. Zile siku hamukukunywa bière, asubui ilikuwa ngapi?

Papa Stanislas aligeuza karatasi upande wa pili. Kweupe. Docteur aliondoa mguu kwenye cherehani.

— Sikupima, alisema mzee.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mgodini alikuwa hana huruma kwa kijana aliyeleta kifuko cha mawe bila kifuko cha kulinganisha. Alikuwa anakimwaga mbele yake, amrudishe shimoni aanze upya. Na hii ilikuwa damu yake mwenyewe. Baada ya aibu ikaja hofu. Alikumbuka anavyoamka mara nne usiku kwenda kukojoa, na kiu hii isiyoisha.

— Na dawa sijakunywa, alisema. Siku kumi na mbili.

Hakuna aliyecheka. Mama Constance alisema tu, "Ee Stani, ndugu yangu." Avocat, ambaye hafungi meza yake hata kwa msiba, alikusanya unité zake akamshika mzee mkono.

— Simama, Papa. Tunaanza kwenu, unakamata dawa, halafu tunaenda ku centre de santé, bakupime.

— Martine utamuambia nini? aliuliza mzee.

— Mie? Wewe njo utasema. Mie nitasimama pembeni yako.