Mlinzi wa Seva ya Maabara

Asubuhi hiyo Kebo alifika kijiweni kifua mbele, na kila mwenye macho aliona mtu aliyelala usingizi wa haki. Ndiye fundi kompyuta wa maabara ya kupima damu, mtaa wa pili. Wiki iliyopita seva yao, kompyuta kuu inayotunza majibu, ilijaa mafaili pomoni ikagoma, majibu ya wagonjwa yasitoke, na bosi, mama mmoja, akajua kabla yake. Mama yule hakufoka. Alisema tu: "Ikigoma tena nikatangulia kujua, acha funguo mapokezi." Na maskini ana kitoto kichanga nyumbani! Sasa kaketi kwenye benchi la kinyozi Wembe, kikombe cha kahawa mkononi, simu pajani. Simu ikalia, ujumbe umeingia.

— Hiyo hapo! akaruka Kebo. Inasema diski inajaa!

— Uwi! akashtuka Bi Birika, muuza kahawa. Imejaa tena, mwanangu?

— Nimeijaza kiasi tu, makusudi, Bi, kujaribu ulinzi wake. Nimeweka programu ya kuichunga seva. Diski ikijaa, mashine ikizidiwa, inaniita popote nilipo.

— Umeinunua wapi? akauliza Gia, dereva mstaafu asiyestaafu ubishi.

— Hainunuliwi. Linux, mfumo unaoendesha seva, ina ghala lake la vifurushi vya programu. Unataja jina, kinashuka, kinajipanga chenyewe. Ila hiki kilikataa katakata kuja bila wenzake.

— Ndoa hiyo! akacheka Wembe. Unaoa mmoja, unahamiwa na ukoo.

— Wahenga walisema, Gia akakohoa, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Inahusu nini sasa, Gia? akauliza Kebo.

— Seva si iko mvunguni mwa meza?

Kebo akacheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Siku nyingi hakuwa amecheka hivyo.

— Mimi najua kilichoigomesha, Gia akaendelea. Presha. Kutwa inasoma damu za wenye presha, nayo ikapanda.

— Hapana, ni uvivu, akasema Wembe. Sasa imeona inatazamwa, itachapa kazi. Hata wateja wangu hawasinzii wakijiona kwenye kioo.

— Ngojeni, akasema Gia. Mwaka haupiti itampigia bosi yenyewe, iombe nyongeza. Halafu likizo. Halafu posa!

— Posa kwa nani? akauliza Wembe.

— Kwa printa. Wanakaa chumba kimoja, unadhani nini?

Kicheko hakijatulia, akatokea shemeji yake Kebo, mdogo wa mkewe, na chakula ambacho Kebo alikisahau nyumbani.

— Shemeji, mbona mnafurahi hivi?

Wote wakamweleza kwa pamoja: diski, vifurushi, posa. Akasikiliza hadi mwisho.

— Hongera, shem. Na hiyo programu umeiweka kwenye mashine gani?

— Kwenye seva yenyewe.

— Sasa seva ikizimika yote, nani atakupigia?

Gia akatafuta methali, na kwa mara ya kwanza hakuipata hata isiyohusika. Simu ilikuwa imetulia kimya, na sasa ukimya ule ungeweza kumaanisha seva imezimika yote. Kebo akabonyeza namba ya mapokezi.

— Dada, majibu yanatoka?

— Yanatoka, kaka. Kwani vipi?

— Alhamdulillahi! Na bosi?

— Yuko hapa, anakusifu. Anasema tangu leo yeye hana wasiwasi tena na seva.

Kebo akakata simu polepole.

— Shemeji, akasema, ile kompyuta yako kuukuu bado inawaka?

— Inawaka. Ya nini?

— Iichunge seva kutoka nje, ikizimika initaarifu! Kebo alikwisha kumshika mkono, wanavuka barabara mbiombio, na chakula kimebaki benchini. Wembe na Gia wakatazamana, kisha wakakifunua.