Bi Hidaya na Landrova Iliyokataa Kufutwa

Ndugu Hidaya Mwinjuma, ambaye ofisini humu hakuna anayemwita vingine ila Bi Hidaya, anastaafu Jumamosi tarehe 30 Juni 1984, baada ya kuitumikia Ofisi ya Vitabu vya Kisomo, Morogoro, kwa miaka ishirini na mitatu kasoro siku tatu. Siku hizo tatu ameniagiza mwenyewe nizitaje. Aliripoti kazini tarehe 3 Julai 1961, na katika mambo ya kazi hapendi kupunjwa wala kuzidishiwa.

Kuandika wasifu huu nimepewa mimi Thobias, mtunza ghala, na nawajua wenzangu, wamenipa kwa makusudi. Hakuna mtu humu aliyegombana na Bi Hidaya kuliko mimi. Ugomvi wenyewe ni mmoja tu na una magurudumu manne: ile Landrova yetu ya dizeli ya mwaka 1962. Mimi nilitaka ifutwe katika daftari la mali, yeye hataki hata kusikia. Na kwa barua iliyomo ofisini, gari hilo lilipaswa kufutwa siku ileile atakayostaafu yeye. Ngoja nieleze tulivyofika hapo.

Bi Hidaya alianza kazi akiwa mpiga chapa. Taipureta ikiharibika hakungoja fundi kutoka Dar es Salaam. Aliifungua mezani, akapanga skrubu kwenye visahani vya chai, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaifunga. Siku hizo chai hatukunywa, lakini barua zilitoka. Mwaka 1974 dereva wetu, Yunusi, alihamishiwa Dodoma na nafasi yake haikujazwa. Yunusi alikuwa amekwisha kumfundisha kuendesha kwenye barabara ya Kingolwira. Basi Bi Hidaya alichukua ufunguo, akamwambia mkubwa wa ofisi kwamba vitabu vya vijiji thelathini na nane haviwezi kukaa ghalani vikiliwa na mchwa, akaondoka. Barua ya kumruhusu ilikuja miezi minne baadaye. Aliipiga chapa mwenyewe.

Waliokuwepo miaka ile wanajua hali ilivyokuwa. Ukiomba spea unajaza fomu nakala tatu, na jibu ni moja: hakuna. Betri ilipokufa, Bi Hidaya alianza kuegesha gari kwenye mteremko wa nyuma ya ofisi, akawa analiachia lishuke lenyewe mpaka liwake. Dizeli, alitufundisha, ikishawaka haina haja na betri tena, ilimradi usiizime. Basi hakuizima. Alikwenda sokoni, benki, hata msibani, gari likinguruma nje peke yake. Shekhe alipata kumwomba alisogeze kidogo ili dua isikike. Vijana wa ofisi walizoea kuliamkia gari shikamoo kila asubuhi, na yeye alikuwa akiitikia marahaba kwa niaba yake.

Pale Dumila, mwaka 1978, mkanda wa feni ulikatika. Nilikuwemo, na mara moja nikaanza kuulizia basi la kurudi. Bi Hidaya alinunua kamba ya katani kwa mama mmoja muuza nyanya, wakakaa chini wawili hao wakaisuka kama nywele za mtoto wa shule, akaipaka sabuni, akaifunga. Tulifika Morogoro baada ya kusimama mara kumi na moja ili msuko upoe. Mimi nilikuwa nahesabu vituo kwa sauti. Cha tano alinishusha, akanipandisha nyuma na makasha.

Kilio changu mimi kilikuwa majalada. Gasketi hazikupatikana mjini, na Bi Hidaya aligundua kuwa jalada la ofisi, lile gumu la rangi ya kaki, likipakwa grisi huziba maji na oili vizuri kabisa. Alikuwa anapaka oili kwenye chuma, analigandamiza jalada juu yake kwa kiganja mpaka alama za matundu zitokee, kisha anakata kwa wembe, taratibu, ulimi nje. Kazi safi, siwezi kusema uongo. Lakini majalada yalikuwa ya ghala langu! Mwaka 1980 pekee yalitoweka kumi na tisa, na kila nilipouliza yako wapi nilijibiwa kwamba yako kazini.

Machi 1981 uvumilivu uliniishia. Niliandika rasimu ya barua kwa makao makuu, nikisema gari ni mkweche usiotengenezeka na lifutwe. Nikaichomeka katikati ya barua nyingine, nikidhani mpiga chapa wetu hataisoma. Aliipiga bila kosa hata moja, akaniletea nisaini, na hakusema nami kwa wiki sita. Ya saba alikuja ghalani akaniuliza jambo moja tu: vitabu vya Kinole vitapandaje mlimani? Kinole ndiko kwao, na dada yake mkubwa, Bi Mwaisha, alikuwa ameanza darasa la kisomo akiwa na miaka hamsini na saba.

Agosti akaja mkaguzi, Ndugu Athumani, shati jeupe na kalamu tatu mfukoni. Ilikuwa wiki ya mtihani wa kisomo na karatasi za Kinole zilikuwa hazijaenda. Bi Hidaya alimkaribisha kwa heshima zote, akamwomba, kabla hajalifuta gari, apande naye mpaka Kinole. Likishindwa, atasaini hukohuko.

Nilikaa nyuma na karatasi. Tulipopita Mkuyuni, gari likazimika katikati ya mlima. Upepo ulikuwa umeingia kwenye bomba la dizeli. Kuutoa kunataka watu wawili, mmoja alegeze skrubu na mwingine apige pampu ya mkono, na Bi Hidaya alimgeukia mkaguzi, si mimi. Ndugu Athumani alipiga pampu mpaka shati jeupe likawa la kaki. Kisha Bi Hidaya akaliachia gari lirudi kinyumenyume mteremkoni, likawaka.

Karibu na Kinole radieta nayo ikaanza kuvuja. Wanakisomo walikuwa wametoka kutupokea, Bi Mwaisha mbele yao. Alipoambiwa shida ni nini, alirudi nyumbani akaleta kopo zima la pilipili manga iliyotwangwa. Bi Hidaya akaimimina yote kwenye radieta, maji yakaichukua mpaka kwenye ufa, ufa ukaziba. Mtihani ulifanyika kwa wakati, na Bi Mwaisha akafaulu. Sisi tulirudi na gari linalonukia pilau njia nzima. Mkaguzi alikuwa hajala tangu asubuhi, na alivyoteseka Mungu ndiye ajuaye.

Ofisini aliomba jalada la gari ili aandike uamuzi. Nilimpa karatasi zake zote, zimefungwa kwa uzi, kwa sababu jalada lenyewe lilikuwa kwenye pampu ya maji tangu Jumanne. Nilidhani atafoka. Alicheka mpaka akatafuta kiti, kisha akaandika sentensi niliyoikariri: “Gari hili liendelee kutumika mpaka fundi wake atakapostaafu, na siku hiyo lifutwe.”

Tulishangilia nusu ya kwanza, tukaisahau ya pili. Januari mwaka huu nilimkuta Bi Hidaya amekaa kwenye kibao cha nyuma cha gari bila hata spana mkononi. Alisema kustaafu hakumsumbui. Kinachomsumbua ni kwamba gari likifutwa, anaondoka na vitabu vya mlima mzima. Iliniuma sana, maana barua ile niliianza mimi. Nikamwomba anifundishe.

Alinicheka kwanza, haki yake. Kisha alinilaza chini ya gari kila Jumamosi baada ya kazi kwa miezi mitano. Nimejifunza kutoa upepo, kusafisha nozeli zinazonyunyizia mafuta kwenye injini, kuchuja dizeli mara tatu kwa kipande cha kanga. Nimemwagia oili viatu vyangu vya kanisani. Siku moja nilisahau tambara kwenye njia ya hewa, gari likatoa moshi mweusi mtaa mzima, majirani wakaja na ndoo za maji. Mke wangu, Agnes, aliuliza kama nina kazi nyingine ambayo sijamwambia. Na majalada, jamani, siku hizi nayakata mwenyewe.

Tarehe 9 Juni nilifanyiwa mtihani. Nilibadilisha gasketi ya pampu ya maji peke yangu, nikapakia vitabu, nikaendesha mpaka Kinole na kurudi. Bi Hidaya alikaa pembeni, mikono ameipakata, na njia nzima hakuniambia hata punguza mwendo. Tuliporudi aliinama akachungulia chini ya injini kwa muda mrefu.

“Linavuja, Thobias,” alisema. “Lakini linavuja palepale nilipoliacha.”

Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Siku hiyohiyo tuliwaandikia makao makuu kwamba gari limepata fundi mwingine, ambaye hastaafu mpaka mwaka 1997. Mpiga chapa alikuwa yeye. Jibu limefika Jumatano hii: liendelee.

Bi Hidaya anahamia Kinole, kulima mdalasini yeye na dada yake. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya wanakisomo wa vijiji thelathini na nane, tunamshukuru kwa kazi, kwa ukali, na kwa kutuonyesha kwamba neno “hakuna” si mwisho wa mazungumzo. Tunamwombea afya njema, mvua za kutosha na usingizi usiokatizwa na mtu anayeulizia spana namba ngapi.

Vitabu vitapanda Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, kama kawaida. Ukisikia gari linakohoa pale konani chini ya nyumba yako, Bi Hidaya, tafadhali usitoke na spana. Wewe bandika chai, hata kama sukari haipo.