Michoro Elfu Mbili ya Basil Namkaa

Baba mchungaji, wazee wetu wa ukoo, majirani wa hapa Nanganga na ninyi mliotoka Masasi, Newala na Tandahimba tangu alfajiri, wakubwa shikamooni, familia inaomba dakika chache mmsikie mtu tunayemzika leo, maana wengi mlimjua kama Baba Loveness wa kiwandani, na baadhi yenu hamkupata kujua kilichomtoa kiwandani wala kilichomlaza kitandani.

Basil Yohana Namkaa alizaliwa hapa Nanganga siku ya Ijumaa, tarehe 9 Julai 1971, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa marehemu Mzee Yohana Namkaa, seremala wa misheni, na marehemu Mama Esta. Alianza darasa la kwanza hapa hapa mwaka 1980, akamaliza la saba mwaka 1986, akachaguliwa kwenda sekondari ya ufundi Mtwara, na mwaka 1993 akapata cheti cha ufundi mitambo jijini Dar es Salaam. Walimu wake waliandika kwamba mkono wake ulikuwa umetulia, na kweli, hata barua ya kuomba ruhusa ya kwenda msibani aliipigia mistari kwa rula kabla ya kuiandika.

Tarehe 1 Machi 1994 aliajiriwa Masasi, katika Kiwanda cha Mashine za Korosho Namkundi, akiwa mchoraji wa mashine za kubangulia. Kazi yake ilikuwa kuchora kila kipande, kisu, fremu, kanyagio, hata parafujo, ili mafundi wa karakana wakitengeneze kama kilivyochorwa. Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa Newala na Mwalimu Huruma, ambaye leo amekaa mbele yetu akiwa mjane. Mungu aliwajalia Loveness mwaka 1998 na Anderson mwaka 2001, na mwaka 2004 walimpata mtoto wa tatu, wa kike, aliyeishi siku kumi na moja.

Sasa familia inafika mahali ambapo marehemu mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, aliomba pasirukwe. Mwaka 2003 alichora kinga ya kisu, yaani bamba linalozuia vidole visifike kwenye makali, na mwaka 2009, baada ya kuona tundu lake ni pana mno, akaichora upya ikiwa na tundu jembamba. Mchoro mpya aliupeleka karakana moja na kuuweka kabatini, lakini ule wa zamani hakwenda kuuondoa karakana ya pili, alisema ataufuata Jumatatu, na Jumatatu zikapita miaka mitatu. Jumanne ya tarehe 21 Februari 2012, mashine iliyotengenezwa kwa mchoro ule wa zamani ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia Bibi Hajira, wa kikundi cha wabanguaji cha Newala, mama wa watoto watano.

Basil alipanda basi siku iliyofuata, akaenda wodini na kilo mbili za sukari, akasimama miguuni pa kitanda. Bibi Hajira akamwambia, "Baba Loveness, mimi sikulaumu, ajali haina kwao. Ila nieleze tu, hicho kizuizi mlichokuwa mnakisifia, kilikuwa wapi?" Akajibu, "Kilikuwa kabatini, mama." Mwalimu Huruma anasema mumewe alirudi nyumbani akaukataa ugali, na tangu siku hiyo neno kabati halikutajwa mezani kwao.

Mwaka 2013 kiwanda kilimpata meneja mpya, Bwana Mudathiri, aliyeleta kompyuta za kuchorea, na Basil, akiwa na miaka arobaini na miwili, akakubali kwenda Dar es Salaam miezi mitano akajifunze pamoja na vijana waliokuwa na umri wa wanafunzi wa mkewe. Aliporudi aliomba jambo moja, kwamba michoro yote ya kiwanda iingizwe mahali pamoja, kila kipande kiwe na namba yake, kila badiliko liwe na tarehe na jina la aliyelifanya, na karakana yoyote ikitaka mchoro iupate ule wa mwisho tu, usiwepo mwingine. Mafundi walimpinga. Mahmudu, mkuu wa karakana ya kuchomelea, ambaye yupo hapa na ameruhusu tuseme, alimwambia mbele ya watu, "Kisu nakijua kwa kiganja miaka ishirini, hiyo runinga yako itaniongezea nini?" Basil hakubishana, alikwenda kusimama naye karakana kila asubuhi kwa miezi minne, akipima naye, akiandika, akimuuliza, mpaka siku moja Mahmudu mwenyewe akasema, "Haya, Mwandishi, namba ya hiki ni ngapi?"

Kazi hiyo ilimchukua miaka sita, katikati yake akagundulika kuwa na kisukari, mwaka 2015, na ilipokwisha, michoro elfu mbili mia tatu na arobaini ilikuwa imeingia. Ijumaa ya tarehe 30 Agosti 2019, kwa ushauri wake mwenyewe na kwa sahihi yake mwenyewe, michoro yote ya karatasi ilichomwa nyuma ya kiwanda, ili pasibaki hata mmoja wa zamani wa kumkata mtu mwingine. Alisimama pale mpaka jivu likapoa.

Mwaka uliofuata, 2020, ndio mwaka ambao watoto wake wanasema walimwona baba yao anacheka. Kisu kilichotengenezwa Masasi kilipelekwa Tandahimba kikaingia kwenye mashine bila kupigwa tupa, na fundi wa kule alipiga simu kuuliza wamefanyaje. Mwaka mzima hakuna mbanguaji aliyeumia. Basil alimwambia mkewe, "Mama Loveness, sasa hata nikifa kesho kazi ipo."

Juni 2021 kiwanda kiliuzwa. Wenye mali wapya waliona ni nafuu kuagiza mashine zilizokamilika kutoka nje, wakafunga karakana, wakageuza majengo kuwa ghala la salfa ya kupulizia mikorosho. Kompyuta zilipakiwa kwenye lori pamoja na ile kubwa iliyotunza michoro, na nakala ya akiba, ambayo kwa utaratibu aliouandika Basil ilipaswa kukaa ofisini kwenye sefu na isipelekwe nyumbani kwa mtu yeyote, ikachukuliwa pamoja na sefu. Aliomba apewe nakala moja tu. Aliyesimamia upakiaji alimjibu kwa heshima, "Mzee wangu, hiyo ni mali ya kampuni, mimi ni wa kubeba tu." Aliandika barua tatu, mbili hazikujibiwa, ya tatu ilijibiwa kwa simu mwezi Novemba, kwamba zile kompyuta zilishafutwa zote ili zipate nafasi ya kazi za ofisi. Yeye alikuwa ameachishwa kazi tangu tarehe 31 Julai. Mahmudu alimuuliza kwa nini hakuiba nakala mapema, akasema utaratibu ulikuwa wake, angeuvunja yeye, nani mwingine angeuheshimu?

Mwaka 2022 alianza upya. Alichukua daftari, penseli na kipimo chake cha venia, kile cha kupimia unene wa chuma, akawa anapanda pikipiki kwenda kuzipima mashine zilizobaki vijijini, Lupaso, Newala, Tandahimba, akirudi na vumbi hadi kwenye kope. Lakini mashine zilikuwa zimeshachomelewa na kuchongwa kila mtu kwa akili yake, visu vimelika, mashimo yamepanuka, hakuna mbili zilizolingana. Alipofika Newala kuitafuta mashine ya toleo la mwisho, yenye kinga nzuri, katika kikundi kile kile cha Bibi Hajira, alikuta imeuzwa siku mbili nyuma kwa watu wa chuma chakavu, kwa sababu vipuri havikupatikana tena, na akina mama wanauza korosho ghafi kama zilivyo. Bibi Hajira alimpikia chai, wakainywa. Jioni hiyo Basil alimwambia mkewe, "Ninachokichora si mashine, ninachora uchakavu," kisha kesho yake akatoka tena na daftari.

Mwaka 2023 macho yake yalianza kuingia ukungu. Mwaka 2024 alipata kidonda mguuni ambacho hakikufunga, Januari 2025 mguu ukakatwa chini ya goti, na Anderson akawa anamshikia rula wakati yeye anavuta mstari. Mchoro wa sitini na moja aliuanza Aprili na hakuumaliza, mistari yake haikutani. Alifariki hospitalini Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, kwa kisukari na figo.

Michoro hiyo sitini na mmoja iko nyumbani. Wiki iliyopita, baba yake akiwa bado wodini, Anderson alimpelekea fundi mmoja wa mjini, akaipekua kwa adabu, akairudisha, akasema ni mizuri lakini hakuna tena mashine inayolingana nayo. Familia haijui iifanyie nini, na haitawadanganya kwamba inajua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, hasa yule muuguzi aliyemsomea magazeti macho yalipokwisha. Tunawashukuru majirani wa Nanganga kwa maji, kuni na kulala nasi hapa chini siku tatu. Tunawashukuru waliokuwa wafanyakazi wa Namkundi, ambao leo kila mmoja ana shughuli yake ya kuokoteza, lakini mmekuja wote, na Mahmudu aliyelichomelea jeneza hili vishikio vyake kwa mkono. Tunakushukuru Bibi Hajira kwa kufika.

Ameacha mjane na watoto wawili.

Baba Loveness, kazi imeishia hapo ilipoishia. Pumzika kwa amani.