Joska Lamwaka na Jumamosi ya Lomaler

Ndugu waombolezaji, majirani wa kambini, padre wetu na sheikh wetu. Mimi ni Oyat, mdogo wa marehemu, na nimepewa kazi ya kueleza maisha yake kabla hatujamshusha. Tangu asubuhi nasikia minong'ono: "Ayaa yuko wapi? Mtoto wa kwanza anakosaje mazishi ya mama yake mzazi?" Tulieni. Nitafika hapo, na sitaficha kitu.

Joska Lamwaka alizaliwa tarehe 12 Aprili 1966 Kitgum, kifungua mimba wa marehemu mzee Obwona na marehemu mama Lakica. Alisoma shule ya msingi ya misheni kulekule Kitgum, akaendelea na sekondari Gulu hadi vita vilipomkatiza masomo. Tulikimbilia Kampala, yeye, mimi na sufuria moja. Aliosha vyombo vya watu Nakawa huku akisomea uuguzi, akahitimu mwaka 1991.

Mwaka 1992 aliingia jeshini kama muuguzi. Alifanya kazi katika zahanati ya kambi hapa Makindye mpaka alipostaafu mwaka 2014 na cheo cha sajini. Askari walimwogopa, wallahi. Mkubwa akileta visingizio vya kuondoka na vidonge mfukoni, alimwambia, "Meza nikikuona, afande. Tumbo lako halina cheo."

Mwaka 1995 aliolewa na Okwir Jafar, askari polisi kutoka Lira. Shemeji, leo nitakuchongea. Alikuwa akija zahanati kila wiki kusema ana homa, na kipimo hakionyeshi homa yoyote. Siku moja Joska akaandaa sindano nene, akamwambia ageuke. Jafar akasema haraka, "Sista, siumwi! Nataka kuoa!" Joska akaweka sindano chini, akamjibu, "Si ungesema mapema, mimi nina foleni." Yeye alibaki Mkatoliki, mumewe Mwislamu, na Krismasi na Idi zote zililiwa nyumba moja.

Baada ya kustaafu alianza ile kazi iliyowaleta wengi wenu hapa. Zamani jeshi lilimpeleka Karamoja, akafika Lomaler, kijiji cha milimani ambako hospitali ni mwendo wa siku nzima kwa miguu na simu haishiki. Mwaka 2015 alikusanya wauguzi wastaafu na rafiki yake Valarie Aoko, Mkenya mwenye duka la dawa Nakawa. Kila baada ya miezi miwili, Jumamosi ya pili, walifungua kliniki ya kujitolea kwenye darasa la shule ya pale.

Agosti 2017 mama mzazi wa Valarie alifariki. Sisi tunajulikana: mwenzako akifiwa, unaacha kila kitu. Timu nzima ikapanda gari lile la kliniki ikaenda kuzika Siaya, Kenya, na kliniki ikasogezwa wiki moja. Ujumbe ulitumwa kwa mwenyekiti wa kijiji, haukufika.

Kulikuwa na mama mjamzito aitwaye Nakiru. Mwezi Juni Joska alimkuta presha imepanda na miguu imeanza kuvimba. Alimpa dawa, akamwambia, "Jumamosi ya pili ya Agosti nitakuja kukuona." Siku hiyo Nakiru aliletwa pale shuleni akilia kichwa kinamuuma. Mumewe na ndugu zake wakatengeneza machela wampeleke hospitali. Akakataa katakata. "Daktari wangu anakuja leo," aliwaambia. Walisubiri Jumamosi, wakasubiri Jumapili. Jumapili usiku degedege likamshika, akafa na mtoto tumboni.

Timu ilipofika wiki iliyofuata, mumewe hakugombana na mtu. Alimwuliza Joska tu, "Mlikuwa wapi?" Joska akasema ukweli: tulikuwa mazishini. Yule bwana akasema, "Na sisi tumetoka mazishini."

Tangu siku hiyo dada yangu hakuwa yule tuliyemjua. Hakumwambia tena mgonjwa mahututi asubiri. Alimpakia garini, akampeleka hospitali mwenyewe. Na alituwekea sheria moja, ya ukali mtupu: siku ya Lomaler haisogezwi. Si kwa harusi, si kwa msiba. "Hata wangu," alisema. Tulicheka. Nani angejua?

Januari 2024 alianza kukonda, tumbo likajaa maji. Madaktari wakakuta saratani ya ini, iliyotokana na kirusi kilichokaa mwilini mwake miaka mingi bila yeye kujua. Sitapamba maneno. Aliumia vibaya mno. Mwezi wa mwisho alilia usiku mpaka majirani wakawa wanaamka kutusaidia kumgeuza. Alifariki nyumbani kwake Makindye, Jumanne tarehe 10 Juni 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ayaa.

Jumatano ukoo ulikaa. Mazishi yakapangwa leo, tarehe 14, Jumamosi ya pili. Ayaa, ambaye sasa ndiye muuguzi mkuu wa timu, aliomba tungoje mpaka Jumatatu. Wazee wakakataa. Wageni wa Kitgum wako njiani, walisema, yeye ndiye asogeze safari. Na mimi nilimfokea, sikatai. Bado nina hasira kidogo, Mungu anisamehe. Ayaa alipiga magoti mbele yetu, akasema, "Baba zangu, mama nimemwosha kwa mikono yangu na nimeshamuaga. Mkinisubiri mimi, yeye hafi mara ya pili. Kule wakinisubiri, wanakufa."

Baba yake ndiye aliyemshika mkono akamsimamisha, akambebea sanduku la dawa mpaka kwenye gari. Valarie naye alipanda. Alisema yeye kuliko wote hawezi kubaki huku Jumamosi hii.

Marehemu ameacha mume, Okwir Jafar; watoto watatu, Ayaa, Zulaikha na Okot; wajukuu wawili; na mimi mdogo wake. Zulaikha na Okot wako hapa mbele. Ayaa hana simu inayoshika huko, hajui kama tumeshaanza.

Sasa ni saa tano. Dada, Lomaler wamefungua. Lala salama mikononi mwa Mungu.