Shavu Limekaa

Mshona mapazia alikaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi, masikio kayatega. Mama mwenye miwani myeusi alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, mtu asiyejuana naye.

"Walinivuta mafuta tumboni, wakanidunga nayo shavuni. Daktari alisema madhara ni nadra sana. Mimi nikaelewa hayapo."

"Ikawaje, dada?"

"Mafuta yakaingia kwenye mshipa, yakaenda kuziba jicho. Hili la kushoto halioni tena. Daktari akasema mimi ndiye wa kwanza kwake. Tangu shuleni sijawahi kuwa wa kwanza."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, aliwaza mshona mapazia, lakini huyu kainama akaliacha jicho huko huko. Afadhali makunyanzi yangu.

Jirani alimtazama mama yule usoni kwa huruma, kisha akaendelea kumtazama. "Pole sana. Lakini shavu limekaa, tusidanganyane. Huyo daktari yuko wapi?"

"Nyuma ya benki, hapo tunaposhuka. Mwambie nimekutuma mimi, atakupunguzia."

Basi likasimama. Wakashuka, mmoja kamshika mwenzake mkono asijikwae. Mshona mapazia alijitazama kwenye kioo cha dirisha, akayavuta mashavu juu kidogo kwa vidole. Kituo chake kilikuwa bado mbele, lakini alishuka.