Bi. Benadetha Kokushubira, Mlezi wa Viwavi wa Beltsville

Bi. Benadetha Kokushubira amestaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Oktoba 1998, baada ya miaka ishirini na moja katika maabara yetu ya wadudu kule Beltsville. Wanajumuiya wa Bukoba hapa Marekani mliokusanyika leo katika ukumbi huu wa Oxon Hill mnamfahamu kwa mambo mengine. Sisi tuliofanya naye kazi tunamfahamu kwa viwavi.

Kazi yake ilikuwa kuwalea. Aliwalisha, akawasafishia visanduku, na walipononoka akawakabidhi kwa wataalamu wawapulizie vumbi la kuvu. Kuvu hizo humwingia mdudu mwilini, humla kutoka ndani, na akishakufa huchomoza nje ya ngozi yake, nyeupe kama unga. Lengo ni kuwapatia wakulima njia ya kuua wadudu waharibifu bila sumu ya dukani. Si kazi ya kupendeza. Aliwaaga viwavi wake kwa Kihaya kabla ya kuwatoa, nasi tulimcheka mpaka tukazoea.

Kazi ilimfuata hadi nyumbani. Mwaka mmoja alipokea senene, wale panzi wa kuliwa, kutoka Bukoba, akatualika. Tulikaa mezani na sahani tupu, yeye yuko jikoni na lenzi, akimkagua senene mmoja mmoja asije akawa na kuvu. Soda ziliisha, wageni wawili wakaaga. Tuliobaki tulikula senene wasafi kuliko wote Marekani.

Mwaka 1996 mumewe, marehemu Laurean, aliyekuwa dereva wa teksi, aliugua figo. Alikuwa akisafishwa damu hospitalini, na alikuwa amechoka. Rafiki akamwambia kwamba Wachina hutibu figo kwa kiwavi aliyeota kuvu kichwani, ambaye hukaushwa na kuchemshwa pamoja na nyama. Ni kweli, hiyo ni dawa yao ya asili ya tangu zamani. Kosa lilikuja baadaye, Laurean alipoamini kwamba dawa hiyo ndiyo iliyojaa kwenye makabati ya Beltsville.

Bi. Benadetha aliwauliza wataalamu. Wakamjibu kwamba kuvu zetu ni za aina nyingine kabisa, na hakuna aliyewahi kumpa mgonjwa. Akaenda Wheaton, kwenye duka la dawa za Kichina, akanunua zile zenyewe, akazichemsha na nyama ya kuku, akampa mumewe. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kumjulia hali. Laurean alionja, akasukuma bakuli. "Hii ni ya dukani," akamwambia. "Wadudu unawafeed kila siku, mimi mume wako unanideny."

Alifariki Februari 1997, bado akiamini hivyo. Kwenye matanga, humu humu ukumbini, mdogo wake, Bwana Anatoli, alisimama akawaambia watu kwamba shemeji yake aliifungia dawa kabatini akamwacha mume afe. Mwili ukasafirishwa kwenda kuzikwa Bukoba. Tangu siku hiyo wengi wenu hamjapiga hodi kwake. Aliporudi kazini aliwakuta viwavi wana njaa, akawalisha huku analia. Sikuja kwenu kumtetea, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Najua karatasi ya sherehe haiandikwi mambo haya. Lakini Desemba Bi. Benadetha anarudi Bukoba. Anataka kuishi katika nyumba aliyoijenga na Laurean, karibu na kaburi lake. Ukoo wa mumewe umemtumia ujumbe kwamba ataingia humo akishaomba radhi mbele ya wazee kwa kumnyima mumewe dawa. Amekataa. Atapanga chumba mjini, na kaburini atakwenda kama mgeni.

Bwana Anatoli, najua umo ukumbini. Nimeyafungua makabati hayo miaka yote niliyofanya naye kazi. Dawa haikuwamo. Zilikuwamo kuvu za kuulia wadudu, na mke wa kaka yako hakukubali kuzijaribu kwa mtu aliyempenda. Ungekuwa wewe, ungekubali?

Dada Bena, tunakushukuru kwa kazi yako yote. Safari njema, ufike salama, upumzike vizuri. Huna wa kumwomba radhi.

Jeptoo, kwa niaba ya wenzako wa maabara