Bu Wigati katika Vita vya Lakabu na Ramani

Mama yetu, Bu Endah Wigati, ameitumikia kampuni ya mabasi ya Rahayu Utara, hapa Semarang, kwa miaka thelathini na mmoja. Anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 21 Machi 2025. Aliingia kama mkata tiketi wa dirishani, akahamia kitengo cha kompyuta tovuti yetu ilipoanza, na tangu hapo hajapitisha wiki bila kugombana na mtu. Hili linasemwa kwa heshima zote. Ofisi isiyo na mgomvi huishia kuendeshwa na wauzaji wa programu.

Ugomvi wake mkubwa ni wa haki. Unahusu vitu viwili ambavyo nusu ya mafundi wa mji huu huvichukulia kuwa kimoja: lakabu ya anwani na ramani ya njia. Lakabu huwekwa kwenye seva ya wavuti, na humwambia mtu wa nje: ukiandika anwani hii kwenye kivinjari chako, utapewa kilichomo kwenye folda ile. Ramani huwekwa ndani zaidi, kwenye injini inayoendesha programu, na huiambia programu yenyewe: ukikuta jina hili, faili unalolitaka liko kule. Mtu wa nje haioni ramani. Programu nayo haisomi lakabu.

Kila mwajiriwa mpya alipelekwa dirishani kuonyeshwa mgahawa wa supu ulio mbele ya karakana yetu. Bango la barabarani, Bu Wigati alieleza, ni la wateja. Mpishi hatoki nje kusoma bango ili ajue bizari iko kabati gani. Na ukiliandika kabati la bizari kwenye bango, usishangae kuwakuta wateja jikoni wanachovya vidole. Baada ya somo hilo, aliyechanganya viwili hivyo alikinunulia chumba kizima lumpia, zile andazi za kuviringishwa zenye machipukizi ya mianzi ndani, na si za baridi.

Sasa, jambo ambalo yeye mwenyewe halitangazi. Tangu aajiriwe hajawahi kuwa kwao Wonosobo siku ya Lebaran, Idi yetu ya kumaliza mfungo. Kazi yetu ni kuwarudisha watu makwao kwa sikukuu, kwa hiyo mtu wa tiketi hubaki zamu. Yeye hufika kwa mama yake sherehe imeshapoa, wajomba wameondoka, na kopo la biskuti za nanasi limebaki na vumbi. Kustaafu mwezi huu wa Ramadhani kulimaanisha kwamba mwaka huu, kwa mara ya kwanza, angempigia mama yake magoti na kumwomba radhi asubuhi ileile ya Idi, pamoja na ndugu zake wote.

Halafu tukahamia seva mpya. Nani alichagua kuhama kabla tu ya kufungua tiketi za Lebaran, tusiulize; leo amekaa meza kuu na tunamtakia futari njema.

Katika jaribio la mwisho ukurasa ulifunguka vizuri na picha za mabasi ziling'aa. Lakini ukichagua safari ya Purwokerto, badala ya bei uliambiwa faili la nauli halikupatikana. Mkuu wa kitengo, Pak Danang Hutomo, akaweka lakabu kwenye seva ya wavuti ielekeze kwenye folda ya nauli. Akajaribu. Wapi!

“Bu, samahani sana,” akasema, “hii isipotengemaa leo, kustaafu kwako itabidi tukusogeze mbele. Utabaki nasi mpaka Lebaran ipite.”

“Umsogeze nani?” Bu Wigati alisimama; mkuu wa kitengo kwake ni Mas tu, yaani kaka. “Ondoa kwanza hilo bango lako, Mas! Dunia nzima sasa inachungulia kabati letu, na mpishi bado hajui bizari iko wapi!”

“Lakini jina nimeandika lilelile, Bu.”

“Jina ni lilelile, anayeuliza ni mwingine! Anayeuliza ni programu. Iko ndani. Haipiti mlangoni!”

Alikuwa sahihi. Yeyote aliyejua kuandika anwani angeweza kusoma kanuni zetu zote za punguzo, na washindani wetu wanajua kuandika. Akakaa, akaweka ramani ya njia kwenye injini, na kwa hasira zilezile akafuta lakabu zote alizozikuta kwenye orodha. Nauli ya Purwokerto ikatokea. Chumba kizima kikapiga makofi.

Pak Danang hakupiga. Aliinama karibu na skrini.

“Hongera, Bu. Ila picha za mabasi ziko wapi? Zimeshatangulia Wonosobo?”

Zilipokuwa picha palibaki miraba myeupe. Picha huombwa na kivinjari cha mteja, kutoka nje; folda yake inakaa mbali na ya tovuti, kwa hiyo inahitaji lakabu. Bu Wigati alikuwa amemng'oa mgeni halali pamoja na mvamizi.

“Nyamaza, Mas.”

“Lumpia, Bu.”

“Nimesema nyamaza.”

“Za moto, Bu.”

Akairudisha lakabu ya picha. Nauli ikaja, mabasi yakaonekana. Jioni hiyo tulifuturu lumpia za watu wawili, na hatukumwonea huruma yeyote kati yao.

Tunasikia lipo pendekezo la kuunganisha lakabu na ramani kuwa orodha moja, eti kurahisisha kazi. Waliolibuni wanakaribishwa kitengoni, waje na lumpia. Humu ndani Bu Wigati ametuzoesha kuuliza kwanza kama anayeomba yuko nje au ndani, na swali hilo halistaafu.

Asubuhi iliyofuata tiketi zilifunguliwa kwa wakati. Ya kwanza kupita kwenye seva mpya ilikuwa ya Wonosobo, abiria mmoja, bila ya kurudi. Aliyemkatia ni Pak Danang mwenyewe.

Bu Wigati, ahsante kwa kazi, kwa kelele na kwa kutufundisha. Basi lako linaondoka kesho asubuhi, na dereva ameagizwa asipokee simu yoyote kutoka kitengo cha kompyuta. Mama anakungoja. Mapumziko yako yawe marefu, yenye afya na furaha tele.